Mgeni Haji Siku ya Samaki

Wanangu mnaoanza kusomesha watoto wadogo, mmeniomba nikuandikieni machache ya kazi yangu. Nnaandika asubuhi, nikishamaliza Sala ya Dhuha, macho yakiwa bado yana nguvu. Namshukuru Mungu aliyenipa umri wa kuwaona watoto niliowafunga kamba za viatu wakija kuleta watoto wao kwenye skuli ile ile ya Hamriya, hapa Maskati, wakanibusu mkono na kuniuliza kama nnawakumbuka. Wengine nnawakumbuka. Wengine nnasema nnawakumbuka.

Sikusomesha mambo makubwa. Maisha yangu yote ya kazi nimewafundisha watoto wa miaka mitano na sita kukusanya vitu vya kila siku, kuvichambua, kuvipanga safu, kisha kurudi nyuma hatua mbili na kuitazama ile safu inasema nini. Watu wakiniuliza nnasomesha nini nikawajibu hivyo, hunitazama kama nimesema nnafuga mende.

Anzeni na makopo. Makopo matupu ya maziwa ya chai, yale ambayo kila nyumba ya Maskati huyatupa. Muulize kila mtoto, "Leo umekujaje skuli?" Aliyekuja kwa basi aweke kopo hapa, aliyekuja kwa miguu aweke pale, aliyeletwa na babake kwa gari aweke kule. Mtoto akiona mnara mmoja umempita kichwa na mwengine umeishia gotini, ameshaelewa nusu ya somo na hujatamka neno. Makopo yakishawaingia, nendeni kwenye picha. Baada ya picha, kwenye viboksi vya kupaka rangi. Nambari ije mwisho kabisa. Ukianza na nambari mtoto ataisoma tu, wala hataona kitu.

Na safu zote zianze kwenye mstari mmoja. Nliwahi kuwa na binti akipenda mishkaki kupita kiasi. Tulipopanga makopo ya chakula tunachokipenda, safu yake ya mishkaki ikawa juu kuliko zote, naye anaruka, "Mishkaki imeshinda! Mishkaki imeshinda!" Mwenzake akalala kifudifudi kwenye zulia, akachungulia, akasema, "Imeshinda au imepandishwa kitini?" Kumbe chini ya safu yake mmefichwa vitabu vitatu. Tangu siku ile nlibandika utepe mwekundu sakafuni, na kila safu ikaanzia hapo.

Msitumie kokwa za tende. Nlijaribu. Kila mtoto alete kokwa za tende zilizoliwa kwao. Mmoja alikuja mikono mitupu kwa sababu bibi yake alikataa, kasema kokwa ni za ng'ombe si za wanafunzi. Mwengine alileta gunia zima, maana kwao kulikuwa na khitma. Siku iliyofuata darasa lilikuwa la sisimizi, sisi tumekaa ukumbini.

Aliyenifunza kazi hii ni Bi Asya, Mungu amrehemu, mwalimu mrefu aliyevaa miwani yenye uzi. Alinipa mambo mawili ambayo nnayaweka mikononi mwenu kama alivyoyaweka mikononi mwangu. La kwanza, kila chati iwe na safu ya mwisho iitwayo Kitu Chengine. "Dunia haitoshei kwenye safu zako," alinambia. "Usipomwachia mtoto pahala pa kuweka kisichokuwemo, atakudanganya ili akuridhishe." La pili, usiondoe alama ya mtoto kwenye chati mpaka ujue imetoka wapi.

Hilo la pili nlilipuuza mapema. Tulipanga chati ya wanyama tunaoishi nao, na kijana mmoja akabandika mbuzi. Nyumba yao nlikuwa nnaijua, ghorofa ya tatu, jengo la nyuma ya soko. Nkacheka, nkamtoa mbuzi. Bi Asya alikuwa amesimama mlangoni. "Umekwenda kwao?" Sijakwenda. "Nenda." Nkaenda jioni ile, na kabla sijafika ghorofa ya pili nkakutana na mbuzi anateremka ngazi, nyuma yake baba mtu anahema kashika kamba. Kumbe Idi imekaribia, wamemnunua mapema, analala bafuni. Nkarudi asubuhi kumbandika mbuzi wa watu palepale alipokuwa.

Nnakuhadithieni haya ili mjue nlikuwa nimesimama wapi Zuwena alipokuja na kadi yake.

Ulikuwa msimu wa baridi, ile baridi yetu ya Maskati ambayo wageni huicheka na wazee wetu wakavaa soksi mbili. Ukutani nlikuwa na chati tatu. Ya kwanza, "Nani yupo nyumbani leo?" Ya pili, "Jana jioni nyumbani kulinukia chakula gani?" Hii ni chati nzuri, jaribuni, kwa kuwa mtoto husahau alichokula lakini harufu haisahau. Ya tatu, "Umeamkaje?" Hiyo ilikuwa na safu ya jua, kwa aliyeamka vizuri, ya wingu, kwa aliyeamka anaumwa au hajashiba usingizi, na ya mwisho, Kitu Chengine. Kila asubuhi wakiingia huchukua kadi zao na kuzibandika kabla ya kukaa. Alhamisi, siku ya mwisho ya wiki, tunazibandua, kila mtoto anapewa zake, anazipanga sakafuni siku kwa siku, na kuangalia wiki yake imekuwaje.

Zuwena alikuwa na miaka sita, mtoto wa maneno machache, kwao Waswahili wa asili ya Unguja kama sisi, Kiarabu cha mlangoni na Kiswahili cha jikoni. Babake alifanya kazi jangwani, anakuja na kuondoka. Mamake, Rahma, ndio kwanza kajifungua mtoto wa kiume, bado yumo ndani ya arubaini. Bibi mzaa mama, Bi Thuwaiba, alikuwa amehamia kwao kumlea mzazi.

Asubuhi moja Zuwena alikwenda kwenye chati ya kwanza akambandua chiriku wao, ndege wa tunduni. Kisha akaenda kwenye chati ya tatu, akabandika kadi kwenye Kitu Chengine. Alikuwa amechora mtu mrefu aliyejaza kadi kutoka chini hadi juu, na hakumtia uso.

"Huyu nani, mwanangu?"

"Anayesimama mlangoni."

"Mlango gani?"

"Wa chumba chetu. Tunacholala mie na mama na mtoto na bibi."

"Anafanya nini?"

Akafikiri, kama afikirivyo mtoto anayetaka kusema kweli. "Anatusubiri tulale."

Msaidizi wangu darasani alikuwa Mercy, Mkenya, Mkristo mwenye sauti ya kuimba kwaya, na sijapata kufanya kazi na mtu mwenye mkono mwepesi kwa watoto kama yeye. Alikuwa anakata karatasi nyuma yangu. Nkasikia mkasi umesimama.

"Na chiriku yuko wapi?" nkauliza.

"Kafa. Bibi kasema huyo wa mlangoni ndiye aliyemchukua, na nisimtajetaje."

Alipokwenda kukaa, Mercy alinivuta pembeni. "Aki Mwalimu, hiyo picha toa. Watoto wengine wataota."

"Haitoki."

"Kwa nini?"

"Sijui imetoka wapi."

"Mimi najua imetoka wapi! Na huko sitaki kujua zaidi."

Siku ya pili yule mtu alikuja tena kwenye kadi. Siku ya tatu Zuwena alibandika jua, nkashukuru. Ya nne mtu mrefu akarudi, na safari hii alikuwa hayuko mlangoni. Alimchora kasimama pembeni mwa kitanda. Na Zuwena mwenyewe alikuwa anabadilika. Mtoto aliyekuwa akikimbia kuingia, sasa anaingia anaburura miguu, uso mweupe, anaweka kichwa mezani kabla ya somo. "Kinagonga," ananiambia, akijigusa kipaji.

Nkampigia simu Bi Thuwaiba. Tulijuana msikitini, upande wa wanawake, na nlimheshimu.

"Mwalimu," alinijibu kwa sauti ya chini, "usimuulize mtoto mambo haya darasani. Tunaye mgeni. Mwanangu Rahma amemwona mlangoni kwa macho yake, na mie nnamsikia akipita hapohapo. Wageni hao humtaka mzazi na kichanga, unajua wewe. Lakini tunafukiza. Nimezidisha ubani, nimezidisha udi, chetezo hakizimi usiku wala mchana."

"Na anapungua?"

"Anazidi," akasema. "Basi na mie nnazidisha."

Wanangu, msinielewe vibaya. Majini wapo. Mungu kawataja, na mie siwezi kukanusha alichokitaja Mungu. Lakini nimesoma dini tangu utoto, na nlichofunzwa ni kwamba muumini hakimbilii ghaibu wakati hajaangalia chini ya kitanda. Nlikata simu nkiwa na khofu mbili: ya kwanza kwamba mgeni yupo, ya pili kwamba hayupo na nyumba ile inakufa kwa kitu chengine. Mamake Zuwena, kichanga cha wiki mbili tatu, na mtoto mwenyewe aliyelala usingizi mzito mbele yangu juu ya meza. Chiriku ameshatangulia.

Alhamisi ikafika. Watoto wakapewa kadi zao, darasa likawa zulia la rangi. Zuwena akazipanga zake mistari mitatu: juu nani yupo nyumbani, katikati harufu ya jioni, chini ameamkaje. Nkachuchumaa kando yake. Nkaona kitu, na Mercy naye, aliyekuwa juu ya bega langu, akakiona pia.

"Mwalimu," alininong'oneza, "babake akiwa nyumbani, huyo mtu haji. Umeona?" Akatoa macho. "Sasa hiyo si jini. Hiyo ni mwanaume."

Hapa nsikilizeni. Chati ni kama kisu cha jikoni, inakata nyanya na inakata mtu. Neno lile lingetoka mlangoni kwetu, jioni ingekuwa imeshamalizika heshima ya mwanamke aliyelala kitandani na kitoto chake, hana habari. Nkamwambia Mercy ayafunge maneno yale kinywani, na nkamgeukia mwenye kadi. Na hilo nalo lifanyeni: mwenye kadi muulizeni kwanza.

"Zuwena, wewe unaona nini hapa?"

Hakuchelewa. Alikuwa ameshaona kabla yetu. Akaweka kidole kwenye siku ya babake. "Hapa baba yupo, na mgeni hakuja." Akasogeza kidole. "Hapa baba yupo, na mgeni kaja." Kweli, ilikuwepo siku hiyo, sote tumeiruka kwa haraka yetu. "Hapa baba hayupo, kaondoka, ami alituletea samaki wa pwani ya Yiti. Mgeni hakuja." Akarudi kwenye ile siku aliyoanza kuigusa, akaigusa kadi ya katikati. Samaki. Akaigusa ya siku ya ami. Samaki. Akainua uso.

"Mgeni haji siku ya samaki."

Mercy akapiga ishara ya msalaba. "Haya basi, tununue samaki," akasema.

Nlikaa chini kabisa, magoti yameshachoka. Kadi zilikuwa sawa. Mtoto alikuwa sawa. Lakini samaki alikuwa akifanya nini ndani ya nyumba ile? Nliwahi kuwafunza watoto wangu kwamba siku ambazo miavuli ni mingi barabarani ardhi hurowa, wala miavuli haijarowesha kitu. Kitu kilikuwa kinakuja pamoja na samaki.

Jumapili, wiki ya skuli inapoanza, Zuwena hakuja.

Nlisubiri mpaka adhana ya Alasiri, nkasali, nkamwambia Mercy tunakwenda. Alikubali kunisindikiza mpaka chini ya jengo. "Ngazi mimi sipandi, Mwalimu. Wewe enda na dua zako, mimi nabaki hapa kwa mkahawa na chai ya karaki na maombi yangu. Ukipiga kelele nitakuja. Nitakuja nikilia, lakini nitakuja."

Bi Thuwaiba alinifungulia. Macho yamemwiva mekundu. Nyumba ilikuwa safi, kimya, na joto. Akanipitisha hadi chumba cha mzazi, nami nkavua viatu, nkaingia, akaufunga mlango nyuma yetu upesi ili upepo usije ukaingia. Rahma alikuwa kalala, kichanga ubavuni, Zuwena miguuni pao. Mashavu yao yote yalikuwa mekundu, mazuri, kama ya watu waliotoka juani. Chini ya kitanda kulikuwa na seredani, makaa yamejaa yanawaka kimya, kumpa joto mzazi, kama walivyofanyiwa mama zetu Unguja, kwenye nyumba za milango miwili na matundu juu ya kuta. Pembeni chetezo kinafuka udi. Dirisha limefungwa, na mapengo yake yamezibwa kwa vitambaa na utepe wa gundi, kazi nadhifu, haipiti hata sindano.

"Hawajaamka tangu adhuhuri," alisema Bi Thuwaiba. "Afadhali wapumzike. Alfajiri mgeni hakutuacha kabisa."

Nkakaa kwenye mto, nkatoa tasbihi. Nkaanza kusoma. Sikukaa sana. Kichwa kikaanza kugonga kwenye kipaji, palepale alipokuwa akipashika Zuwena. Kisha mlango, ambao nlikuwa nimeupa mgongo, nkahisi umejaa. Sikusikia kufunguka. Nlihisi tu kwamba kuna mtu, mrefu, na kwamba anasubiri. Na sauti ya mwanamume, ya upole, ikasema:

"Assalaam aleykum, Kijino."

"Waaleykum salaam," nkajibu, kama mtu yeyote angejibu.

Bi Thuwaiba akaniangalia. "Umemjibu nani?"

Nkageuka. Mlango umefungwa, hakuna mtu. Nkataka kusimama, na miguu haikutaka. Na katika utando ule kichwani, sijui kwa nini, Mungu anajua, nkamuona kijana wa mbuzi na ngazi ya jengo lao, na Bi Asya na miwani yake. Umekwenda kwao? Haya, nimekwenda. Sasa uliza.

"Bi Thuwaiba, leo mmepika nini?"

"Mwalimu, huu wakati wa kuuliza mapishi?"

"Nambie, nakuomba."

"Kuku. Supu ya mzazi."

"Na siku mnayopika samaki, chumba hiki mnakifanya nini?"

Akanitazama kama na mie nimeshikwa na huyo mgeni. "Siku ya samaki si shombo? Shombo na mzazi haviendi pamoja. Nnawafunika blanketi wote, nnafungua madirisha yote, upepo upite. Seredani nnaitoa, nnaipeleka sebuleni na chetezo, nnafukiza huko mpaka harufu iishe. Jioni huwa nimeshachoka, nnaiacha hukohuko."

Nkatambaa kwa magoti hadi dirishani nkaanza kuung'oa ule utepe.

"Unafanya nini! Mtoto mchanga huyo! Baridi itamuua!" Alinishika kiuno, na alikuwa na nguvu kuliko mie. "Na dirisha ukilifungua ndiyo umemfungulia!"

"Bi Thuwaiba," nkamwambia, na pumzi haikunitosha, "wewe mwanachuoni kuliko mie. Tumefundishwa nini juu ya moto na kulala? Si tumefundishwa tusilale na moto unawaka ndani? Wamelala hawa. Moto unawaka. Chini yao."

Mikono yake ikalegea. Nliona jinsi neno lile lilivyomwingia, neno analolijua tangu chuoni, na alikuwa amelizunguka siku zote hizo bila kuliona. Aliinama, akaishika seredani kwa shungi lake, ikamuunguza, akatoka nayo mbio hadi kwenye roshani. Mie nkalipiga dirisha kwa kiwiko likafunguka. Baridi ya Hamriya ikaingia pamoja na honi za magari na harufu ya vitunguu vya mkahawani, na nkapiga kelele kama tulivyoagana.

Mercy alipanda ngazi zile analia, kama alivyoahidi. Akamnyakua kichanga bila kuuliza, akatoka naye kwenye roshani, akawa anampulizia usoni na kumwimbia wimbo wa kanisani, na Bi Thuwaiba kando yake anasoma Ayatul Kursi, na hakuna aliyemwambia mwenziwe anyamaze. Zuwena aliamka akatapika. Rahma tulimburura kwa shuka. Kichanga kilichelewa. Kilichelewa muda ambao mpaka leo nikiukumbuka hushika ukuta. Kisha kikalia. Sijasikia kilio kizuri kama kile.

Hospitali waliwatia wote vikopo vya hewa usoni, na mie pia. Daktari alituelezea kwa subira. Makaa yakiwaka pahala palipozibwa hutoa sumu isiyo na harufu wala rangi, inaingia kwenye damu, inaleta maumivu ya kichwa, inaleta kuona na kusikia visivyokuwepo, na mwisho inaleta usingizi usiokuwa na asubuhi. Kiumbe kidogo hutangulia. Nkamfikiria chiriku. Kila mgeni alipowatisha walifukiza zaidi, na kila walipofukiza alizidi kusogea, kutoka mlangoni hadi kitandani. Alisema kweli Zuwena kwamba alikuwa anawasubiri walale.

Bi Thuwaiba alilia siku nyingi. Nlimwambia alichofanya alikifanya kwa mapenzi, na kwamba Mungu hakumhukumu bali alimletea samaki. Hakucheka. Baadaye alicheka.

Walirudi nyumbani wote, alhamdulillah. Kichanga yule ameshaingia skuli, anapanga makopo, na ni mwizi wa makopo ya wenzake. Na nyinyi sasa mna vibao vya kioo, mtoto akigusa tu safu inapanda yenyewe kwa rangi. Ni vizuri, sivipingi. Lakini nimeangalia, na vingine havina safu ya mwisho. Itieni. Hata kwa kalamu pembeni.

Zuwena aliporudi darasani alibandika jua, na kesho yake jua, na kesho kutwa. Watoto hawakuuliza kitu. Asubuhi moja akaja mezani kwangu.

"Mwalimu, bibi kasema na wewe ulimuona."

"Sikumuona. Nlimsikia."

"Alisema nini?"

"Alinisalimu. Kwa jina."

Hakuna aliye hai, wanangu, anayelijua jina la Kijino. Ni babangu aliyeniita hivyo nlipokuwa sina ila jino moja, na ameshazikwa Unguja tangu sijavunja ungo. Sikumhadithia mume, sikuwahadithia watoto wangu wa kuzaa. Daktari anasema moshi huchimbua yaliyofukiwa kichwani mwa mtu mwenyewe. Nnamsadiki. Alikuwa daktari mzuri. Nlichomuuliza, naye akanirudishia kikopo cha hewa usoni, ni kwa nini wote wanne, mtoto na mama na bibi na mie, tulimkuta mlango ule ule.

Zuwena alikwenda kwenye kabati, akarudi na kadi tupu na kalamu.

"Basi weka na yako," alisema. "Usipoweka, chati yetu itakuwa haijatimia."

Nkachora mlango. Sikumtia mtu, kwa kuwa sikumuona. Nkabandika kwenye Kitu Chengine.

Ilikaa pale miaka. Siku nliyostaafu, Mercy alinisaidia kubandua vya ukutani, makaratasi, tepe, picha za samaki na kuku. Alipofika kwenye ile kadi mkono ukamsimama.

"Hii niitoe, Mwalimu?"

"Unajua imetoka wapi?"

Akaitazama, ule mlango mtupu.

"Sijui."

"Hata mie," nkamwambia. "Iache."